Mwanafunzi Msaidizi wa Utafiti na Uzito wa Hesabu Yake

Katika tafiti nyingi za malaria, mwanafunzi msaidizi huanzia kazi yake mbele ya hadubini. Slaidi yenye tone nene la damu hutiwa rangi ya Giemsa, kisha hutazamwa kwa ukuzaji wa mara 1,000. Msaidizi huhesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe za damu. Chembe nyeupe zikitimia 200 na vimelea vikiwa 100 au zaidi, hesabu hukoma. Vikiwa pungufu, huendelea hadi chembe 500.

Idadi hiyo hugeuzwa kuwa wingi wa vimelea katika mikrolita moja ya damu. Pale ambapo chembe nyeupe za mgonjwa hazikupimwa, hukadiriwa kuwa 8,000 kwa mikrolita. Hivyo, vimelea 150 vilivyoonekana kwa chembe 200 huzidishwa kwa 8,000 na kugawanywa kwa 200. Jibu ni 6,000.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini matokeo yake ni mazito. Katika utafiti wa dawa, mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 28 au zaidi ili ijulikane kama vimelea vimerudi. Slaidi yenye vimelea vichache ikiandikwa kuwa haina kitu kwa sababu msomaji amechoka, mgonjwa huyo hukosa tiba anayostahili, na dawa iliyoshindwa huonekana imefaulu.

Ndiyo maana slaidi moja husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kujua jibu la mwenzake wala dawa aliyopewa mgonjwa. Wakitofautiana kupita kiwango kilichowekwa, huitwa msomaji wa tatu. Vivyo hivyo, kosa katika fomu halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja ili maandishi ya awali yaendelee kusomeka, kisha aliyesahihisha huweka saini na tarehe.

Mwanafunzi mgeni huenda akaona aibu jibu lake linapotofautiana na la msomaji mzoefu, akashawishika kulirekebisha lifanane. Akifanya hivyo, msomaji wa pili anakuwa hana maana tena. Slaidi ina namba badala ya jina, lakini nyuma yake yupo mtu aliyeridhia kutoa damu, au mtoto ambaye mzazi wake aliridhia kwa niaba yake. Ridhaa hiyo huheshimiwa kwa kuandika kile kilichoonekana.