Wimbo mmoja, kileleni mara nne

Wapo wanaodhani Unchained Melody ni wimbo wa Ghost, ile filamu ya 1990 yenye wapenzi wawili wakifinyanga chungu usiku. La, wimbo huu ulizaliwa gerezani. Mwaka 1955 ilitoka filamu ya Kimarekani, Unchained, inayosimulia maisha ya wafungwa wa Chino, California. Alex North alitunga muziki, Hy Zaret akaandika maneno, na Todd Duncan, aliyekuwa wa kwanza kuigiza mhusika Porgy katika opera ya mtunzi Gershwin mwaka 1935, akauimba akiigiza mfungwa. Jina ni la filamu. Neno “unchained” halimo kabisa ndani ya mashairi.

Rekodi zilianza kuvunjwa mwaka uleule. Nchini Uingereza, waimbaji na wapigaji wanne walikuwa nao kwenye ishirini bora kwa wakati mmoja, na Jimmy Young ndiye aliyefika kileleni. Marekani, Les Baxter alishika namba moja kwa okestra na kwaya yake. Mwaka 1963 kundi la Vito & the Salutations likaukimbiza mbio kwa mtindo wa doo-wop. Unachangamsha, lakini huu ni wimbo wa kumngoja mpenzi, na mimi naona kungoja huko hakutaki haraka.

Waliolijua hilo ni The Righteous Brothers, ambao wala hawakuwa ndugu: Bill Medley mwenye besi nzito na Bobby Hatfield mwenye sauti nyembamba. Katika santuri yao ya 1965, Hatfield anaimba peke yake. Anaanza taratibu, kama mtu anayesema na nafsi yake usiku, kisha karibu na mwisho sauti inapaa ghafla mpaka unahisi kifua chake kitapasuka. Ajabu ni kwamba wimbo huo uliwekwa upande wa pili wa santuri. Watangazaji wa redio wakaigeuza, nao ukapanda hadi namba 4 Marekani.

Ghost ilipotoka, rekodi hiyo ya miaka 25 ikashika namba moja Uingereza na kuwa singo iliyouzwa kuliko zote nchini humo mwaka 1990. Marekani, Hatfield alishindana na sauti yake mwenyewe: rekodi ya zamani na nyingine aliyoirudia upya zote ziliingia ishirini bora.

Mwaka 1995 waigizaji Robson Green na Jerome Flynn wakaurekodi na kuuza nakala zaidi ya milioni 1.8 nchini Uingereza. Mwaka 2002 Gareth Gates, kijana wa miaka 17, akauza takriban 850,000 katika wiki ya kwanza. Ndipo Unchained Melody ukawa wimbo wa kwanza kufikishwa namba moja Uingereza na waimbaji wanne tofauti.

Kwa mauzo, Robson na Jerome wamempita Hatfield mbali. Kwa uimbaji, hakuna aliyemfikia. Utafute ule wa 1965, na usiuzime kabla sauti haijapaa.