Mota Nzima Kutupwa kwa Beringi Moja

Mota ya baiskeli ya umeme ya milimani hukaa chini, katikati ya pedali, pale tope linapopiga kwanza. Sheria za Ulaya huiwekea kikomo cha wati 250 na kuitaka iache kusaidia ifikapo kilomita 25 kwa saa, lakini mlimani kazi yake ni nzito, na mzigo wote hupita kwenye gia ndogo na beringi chache.

Mimi ni fundi, na nikiifungua mara nyingi nakuta kutu. Maji hupenya kwenye sili ya ekseli, hasa baiskeli ikioshwa kwa mashine ya presha. Grisi inatoka, beringi inaanza kunguruma. Beringi yenyewe ni ya bei ndogo. Kinachoniuma ni kwamba watengenezaji wengi hawauzi vipuri vya ndani: dhamana ikiisha, mteja anaambiwa anunue mota mpya. Sumaku nzima, nyaya za shaba zisizo na kasoro, vyote vinatupwa!

Kuanzia Februari 2027, Umoja wa Ulaya unataka betri za baiskeli hizi ziweze kubadilishwa na fundi yeyote wa kujitegemea mwenye ujuzi. Sheria hiyo ni ya betri tu. Mota nayo ingestahili kuwa na yake. Kwa sasa, osha kwa ndoo na sponji, na ukisikia mlio mgeni, ilete mapema, kabla beringi haijala gia.