Mali bila Daftari: Ufanisi wa Utendaji katika Mifuko ya Kinga

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya yanaonyesha jinsi methali hiyo inavyohusu mifuko ya kinga, yaani mifuko ya uwekezaji inayokusanya fedha za matajiri na za taasisi, ikiwamo mifuko ya pensheni. Hoja ya msingi ni kwamba ufanisi wa mifuko hiyo haupimwi kwa uchache wa watumishi wala kwa kasi peke yake. Hupimwa kwa wepesi wa kosa kugunduliwa na mtu asiyefaidika nalo.

2.0 Chimbuko na Mgawanyo wa Kazi

Mfuko unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hii ulianzishwa mwaka 1949 mjini New York na Alfred Winslow Jones, mwanasosholojia na mwandishi wa habari, kwa mtaji wa dola 100,000. Kati ya hizo, 40,000 zilikuwa zake mwenyewe. Jones alinunua hisa alizotarajia zipande bei. Wakati huohuo aliazima na kuuza nyingine alizotarajia zishuke, ili faida ya upande mmoja ikinge hasara ya upande wa pili.

Kila uamuzi wa namna hiyo huzaa kazi nyingine: kuthibitisha bei na idadi ya hisa, kulipa na kupokea, kufuatilia dhamana za mikopo, na kukokotoa thamani ya mfuko. Katika mfuko uliopangwa vema, meneja huamua la kununua; dalali mkuu hukopesha na kutunza mali; msimamizi wa nje hukokotoa thamani; naye mkaguzi huthibitisha hesabu za mwaka. Kiungo chao ni usuluhisho wa hesabu, yaani kulinganisha kila siku daftari la mfuko na la dalali.

3.0 Mifano ya Kushindwa

Mfuko wa Bayou wa Marekani, ulioanguka mwaka 2005, ulificha hasara zake kwa kutangaza faida za uongo. Hesabu zake "zilikaguliwa" na kampuni ambayo afisa wake mkuu wa fedha aliiunda mwenyewe. Hapa gharama ya mkaguzi wa kweli iliepukwa, na pamoja nayo likaondoka jicho la pekee ambalo lingewaokoa wawekezaji.

Mfano wa pili ni wa Septemba 2008, benki ya Lehman Brothers ilipofilisika. Mifuko iliyoitumia tawi lake la London kama dalali mkuu ilikuta mali zake zimezuiwa, na baadhi ilisubiri kwa miaka kadhaa. Kutumia dalali mmoja kulikuwa kumerahisisha kazi na kupunguza gharama. Lakini urahisi huo ndio uliogeuka mtego. Mifuko mingi baadaye iligawa mali zake kwa madalali zaidi ya mmoja, ingawa kufanya hivyo kuliongeza kazi ya usuluhisho.

4.0 Suala la Kasi

Nchini Marekani, muda wa kukamilisha mauzo ya hisa ulifupishwa hadi siku tatu za kazi mwaka 1995, siku mbili mwaka 2017, na siku moja tarehe 28 Mei 2024. Kosa la tarakimu lililoweza kusahihishwa kesho yake sasa hudai kugunduliwa siku ileile. Kwa hiyo mitambo ya kompyuta ni ya lazima. Hata hivyo, mtambo unaosoma daftari moja tu hurudia kosa la daftari hilo kwa haraka zaidi. Manufaa yake hupatikana pale unapolinganisha kumbukumbu zilizotoka kwa watu mbalimbali, na kumwachia binadamu tofauti zilizojitokeza.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba si kila gharama ni upotevu. Kazi inayorudiwa bila sababu yafaa iondolewe. Kazi inayorudiwa na mtu wa pili ili kumthibitisha wa kwanza ndiyo kinga yenyewe. Methali imetaja daftari; mifuko hii inafundisha kwamba daftari moja, likishikwa na mwenye kufaidika, halitoshi.