Zamu ya Daktari Crusher

Wanangu, leo nawasimulia kisa cha chombo kilichokwama mahali pasipo na bahari wala upepo. Ni kisa cha kutungwa, kilichooneshwa kwenye televisheni ya Marekani mwezi Machi 1991, katika mfululizo wa Star Trek: The Next Generation. Nakipenda kwa sababu ya daktari mmoja na kazi aliyoifanya, ambayo kwa maoni yangu haisifiwi vya kutosha: kukesha kando ya mtu aliyelala.

Chombo kinaitwa Enterprise, na bahari yake ni anga. Nahodha ni Picard. Daktari ni Beverly Crusher. Yumo pia mwanamke anayeitwa Deanna Troi, mshauri wa mabaharia. Mwenye huzuni au hofu humwendea yeye. Baba yake alikuwa binadamu kama sisi, lakini mama yake alitoka sayari ya Betazed, ambako watu husikiana mawazo bila kufungua midomo. Troi alirithi nusu ya kipawa hicho. Akiwa na watu wa kawaida huhisi yaliyomo mioyoni mwao, kama wewe unavyohisi joto la jiko ukiwa bado mlangoni.

Basi Enterprise inakuta chombo kingine, Brattain, kinaelea kimya. Wakiingia ndani, wanakuta maiti. Mabaharia wameuana wenyewe kwa wenyewe. Amesalia mtu mmoja tu, naye ni wa Betazed. Ametumbua macho, hasemi, hasikii.

Wanataka kuondoka, chombo hakiendi. Wamenasa kwenye ufa wa angani unaomeza nishati yote wanayoitoa. Injini inaunguruma, chombo kiko palepale. Siku zinapita, na watu wa Enterprise wanaanza kubadilika. Huyu anamshuku mkewe bila sababu, yule anatafuta ugomvi kwa neno dogo. Kisha yanakuja maruweruwe. Nahodha Picard, mtu mwenye akili iliyotulia kama maji ya mtungini, anasikia kengele ya mlango ikilia, akifungua hakuna mtu. Akiwa kwenye lifti anaona dari ikimshukia, anapiga kelele.

Daktari Crusher naye hakusalimika. Yuko chumba cha maiti, peke yake, anawachunguza waliokufa kwenye Brattain. Anageuka, na maiti wote wameketi chini ya shuka zao. Angekimbia nani angemlaumu? Hakimbii. Anafumba macho, anajiambia kwamba hili si kweli, anavuta pumzi. Akifumbua, maiti wamelala kama alivyowaacha. Anarudi kazini. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Daktari anayeumwa ugonjwa uleule anaoutafutia dawa, na bado anaendelea kutafuta!

Na anapata. Akilinganisha ubongo wa waliokufa na wa walio hai, anagundua kwamba mabaharia wote wanalala lakini hakuna anayeota. Siku nyingi zimepita bila ndoto hata moja. Anayeota ni Troi peke yake, na ndoto yake ni moja, ya kutisha, kila alalapo.

Hapa nisimame kidogo, maana lazima mjue kuota ni nini kabla sijaendelea.

Usiku wa leo, mdogo wako akishalala fofofo, mwangalie kope. Kuna wakati zimetulia. Kisha utaona macho yanatembea chini yake, kushoto na kulia, upesi upesi, kana kwamba anafuata mpira uwanjani. Usimwamshe. Yuko ndotoni.

Binadamu wamelala na kuota tangu wawepo duniani, lakini jambo hilo lilikuja kupimwa sawasawa juzijuzi tu. Mwaka 1951, katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi aliyeitwa Eugene Aserinsky alimfunga mwanawe Armond, mtoto wa miaka 8, nyaya ndogo karibu na macho na kichwani. Nyaya ziliunganishwa na mashine yenye kalamu zinazochora mistari kwenye karatasi. Mtoto akalala, mistari ikatulia. Baadaye kalamu zikaanza kurukaruka kama za mtu aliye macho. Baba akadhani mtoto ameamka. Akaingia kumwangalia, akamkuta amelala. Akadhani mashine ni mbovu. Haikuwa mbovu. Mwaka 1953 yeye na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, wakautangazia ulimwengu kwamba usingizi una sehemu ambayo macho hukimbia na ubongo huchapa kazi, na kwamba watu wakiamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto.

Nawaza sana juu ya usiku ule. Elimu kubwa hivyo ilianza kwa baba aliyekesha akimwangalia mwanawe.

Mtu mzima hupita sehemu hiyo mara nne au tano kwa usiku. Mzunguko mmoja, kutoka usingizi mwepesi hadi mzito na kurudi kwenye ndoto, huchukua kama dakika 90. Na wakati wa ndoto mwili hufungwa. Misuli ya mikono na miguu hulegezwa kabisa, ili ukiota unakimbia usiende kugonga ukuta. Yanayobaki huru ni macho, na msuli wa kuvutia pumzi. Sasa, wakati mwingine akili huamka mwili ukiwa bado umefungwa. Unaona chumba, unataka kuita, sauti haitoki, kifua kizito. Wazee wetu waliijua hali hiyo na wakaipa jina: jinamizi. Wakasema limemkalia mtu kifuani. Aliyewahi kukabwa na jinamizi anajua kwamba hawakutia chumvi. Daktari wa usingizi atakueleza kwamba ni kufuli tu iliyochelewa kufunguliwa, itafunguka yenyewe.

Turudi kwenye Enterprise. Kwa nini Troi aote na wenzake wasiote?

Ndotoni Troi anaelea kwenye ukungu wa kijani. Mbele yake mianga miwili, na sauti inayomwambia habari za macho gizani na za mwezi mmoja unaozunguka. Anaogopa, anauliza, hajibiwi. Anaamka anatetemeka. Kidogo kidogo inawadhihirikia kwamba sauti ile si jini wala wazimu. Ng'ambo ya pili ya ufa kuna chombo kingine kimekwama vilevile, cha viumbe wasiofanana nasi, nao wanaita msaada kwa njia pekee waliyo nayo: kutuma mawazo. Mawazo hayo yakipita kwenye ubongo wa binadamu yanazima ndoto. Yakipita kwa mtu wa Betazed yanageuka jinamizi. Watu wa Brattain waliuawa na ombi la msaada ambalo hawakulielewa.

Troi na Data, ambaye ni roboti mwenye umbo la mtu, wanaketi kufumbua fumbo. Macho mawili ni nyota mbili zinazoonekana kutoka pale walipokwama. Na mwezi mmoja? Nyinyi mnaosoma sayansi mngeweza kumsaidia. Atomu ya haidrojeni ina elektroni moja tu kando ya kiini chake. Wanasayansi wa leo hawaichori tena kama mwezi unaozunguka sayari, lakini picha hiyo bado inatosha kupelekea ujumbe. Wageni wanahitaji haidrojeni, waichanganye na kitu walicho nacho, walipue ufa, wote watoke.

Tatizo ni hili. Enterprise haina nguvu ya kuimwaga haidrojeni kwa muda mrefu. Lazima wageni wajue ni wakati gani hasa. Na wa kuwaambia ni mmoja tu, naye anaweza kuwaambia akiwa usingizini tu. Kwa hiyo Troi lazima arudi kwenye jinamizi lake kwa hiari yake. Crusher anamlaza, anamsaidia kuzama ndotoni, kisha anasimama kando yake akisoma vipimo. Yeye mwenyewe hajaota kwa siku nyingi. Kichwa chake hakiaminiki tena, aliwaona maiti wakiketi. Lakini macho yake hayaondoki kwa Troi.

Tumwache amelala hapo kidogo. Najua mnataka kuuliza: je, mtu asiyeota kweli huingiwa na wazimu akaua?

Kisa kimezidisha. William Dement, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Kleitman yuleyule, alijaribu jambo hilo na mwaka 1960 akatoa matokeo. Aliwaamsha watu waliojitolea kila macho yao yalipoanza kukimbia, usiku baada ya usiku. Walipoachwa walale, waliota zaidi ya kawaida, kana kwamba ubongo unadai deni lake dukani. Mwanzoni yeye mwenyewe alihofu kwamba kuzuia ndoto kutavuruga akili. Utafiti uliofuata haukuthibitisha hofu hiyo, na zipo dawa zinazopunguza sana usingizi wa ndoto bila wanaozimeza kuingiwa na wazimu. Kukosa usingizi wote ni jambo jingine kabisa. Kijana wa Marekani aliyeitwa Randy Gardner, mwenye miaka 17, alikaa macho saa 264 na kumaliza Januari 1964. Njiani alikiona kibao cha barabarani akadhani ni mtu. Maruweruwe yale ya Enterprise yana mizizi ya kweli, basi. Msijaribu kamwe.

Na daktari anayepima usingizi angani naye ni wa kweli. Mwaka 1973, kwenye kituo cha Skylab, wanaanga walivaa kofia yenye vipima-ubongo wakalala nayo, vipimo vikatumwa duniani. Mwaka 1998, kwenye safari ya chombo Discovery, walikuwemo John Glenn, mzee wa miaka 77, na Chiaki Mukai, daktari wa Kijapani, bingwa wa upasuaji wa moyo. Wote wawili walilala wamefungwa nyaya kichwani na usoni, aina ileile ya kazi aliyofanyiwa Armond na baba yake. Mukai alikuwa daktari, na pia alikuwa mtu anayepimwa, kama Crusher.

Kulala kule ni kugumu. Hakuna chini wala juu. Mtu hujifunga kwenye mfuko uliofungwa ukutani asielee akagonga vitu. Feni lazima zipulize hewa, vinginevyo hewa chafu unayotoa puani hukusanyika mbele ya uso wako, maana haina uzito wa kuipeleka popote. Na kituo cha kimataifa cha anga huizunguka dunia kwa kama dakika 90, hivyo jua huchomoza mara 16 kwa siku moja. Dakika 90! Ni kama muda wa mzunguko mmoja wa usingizi. Kila mwanaanga akimaliza ndoto moja kumepambazuka upya, na kuna daktari duniani anayehesabu saa alizolala.

Haya. Troi yumo kwenye ukungu wa kijani. Hofu iko palepale, lakini safari hii hakimbii mianga ile. Anaielekea, anaita, anawaambia wageni wamsikilize. Juu kwenye chumba cha uongozi wanasubiri. Amri imeshikwa na Data, kwa kuwa roboti halali, wala haoti, na kwa hiyo ndiye pekee ambaye akili yake haijachafuka. Haidrojeni inamwagwa kwenye ufa. Haijawaka. Nguvu ya chombo inashuka. Kando ya kitanda Crusher anaangalia vipimo, anamwangalia Troi, na hana cha kufanya ila kuwa pale.

Kisha anga inalipuka mwanga. Ufa unafunguka, Enterprise inarushwa nje, na chombo cha wageni nacho kimeponyoka kikaenda zake bila watu hawa kuonana uso kwa uso.

Troi anafumbua macho, na wa kwanza kumwona ni daktari wake.

Data bado ndiye mwenye amri, na anayo moja ya mwisho kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Anamgeukia Nahodha Picard, mkubwa wake, mtu aliyezoea kuamuru mabaharia elfu moja, na kwa heshima zote anamwamuru akalale. Picard habishi. Anakwenda.