Kuku Wanaokufa Kijijini, na Namna ya Kuwalinda

Ninyi watu wa vijiji vilivyo karibu na migodi, sikieni neno hili la kuku. Wengine wasema kuku si mali, ni kitu cha wanawake na watoto tu. Si kweli. Mume akiwa mgodini na mshahara haujafika, ni kuku anayelipa daftari la mtoto na dawa ya homa. Kwenye njia ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna watu wengi wanaotaka nyama, na kuku wa kijiji hakosi mnunuzi. Lakini pengine kuku wa kijiji kizima wafa kwa juma moja au mawili, na watu wasema: Upepo umepita. Huo si upepo. Ni ugonjwa ulioletwa, na mara nyingi umeletwa na mtu, ndani ya kitunga chake.

Jina la ugonjwa huo ni Newcastle. Katika Tanzania wengi wauita kideri. Ulitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java, na mwaka uleule karibu na mji wa Newcastle katika Uingereza. Mwaka 1927 munganga wa nyama aliyeitwa Doyle akaandika habari zake. Tangu hapo umeenea karibu dunia yote.

Utaujuaje? Kuku mgonjwa asimama peke yake, manyoya yamesimama, mabawa yameanguka. Hataki kula. Afungua mdomo kutafuta pumzi. Mavi yake ni maji ya rangi ya majani. Wengine shingo yapinduka, kichwa chatazama nyuma. Wengine mguu au bawa lakufa. Vifaranga na majogoo, wote wafa sawasawa. Wengine wafa usiku mmoja, wala hukuona dalili yo yote.

Sasa angalia namna unavyofika. Tuseme mwanamke mmoja ana kuku 12. Jumamosi mume wake arudi kutoka mgodini na jogoo mzuri aliyemnunua sokoni. Jogoo aonekana mzima. Lakini kule sokoni alifungwa miguu pamoja na kuku wa vijiji vingi, na mmoja wao alikuwa na ugonjwa. Mara nyingi ugonjwa huu hujificha mwilini siku 5 au 6, pengine hata siku 15. Alhamisi jogoo anyamaza. Ijumaa afa. Juma linalofuata kuku 4 wafa, kisha 6. Hapo yule mume afanya neno ambalo watu wengi hulifanya: awashika 2 waliobaki, awafunga kwenye baiskeli, awapeleka sokoni mbio kabla hawajafa. Ndivyo kijiji cha pili kinavyoupata. Tunajua kwamba kila mtu aogopa kupoteza feza yake. Lakini yule aliyemwuzia jogoo, labda naye alikuwa amefanya vivyo hivyo.

Dawa ya kuponya ugonjwa huu hakuna. Pilipili ndani ya maji, majani machungu, vidonge vya watu vinavyouzwa sokoni, vyote haviuwezi. Kinachoweza ni chanjo, nayo yatolewa kwa kuku wazima, kabla ugonjwa haujafika. Iko chanjo ya matone: tone 1 katika jicho 1 la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hata kifaranga. Nguvu yake haianzi siku ileile. Ngoja majuma 2. Tena haidumu, basi irudiwe kila miezi 4. Mwenye kuchanja mara moja tu na kusahau, asiseme baadaye kwamba munganga alimdanganya.

Chupa ya chanjo haipendi jua. Iko aina inayovumilia safari siku chache bila barafu, lakini hata hiyo uifunge katika kitambaa chenye maji, uiweke ndani ya kitunga, kivulini. Chupa moja yatosha kuku wengi kuliko wako, kwa hiyo ni vema nyumba zote za kijiji zipatane siku moja, zikusanye feza, na kapita amwite munganga wa nyama au agronomu wa sekta. Fanyeni asubuhi mapema, kuku wangali wamefungwa. Wakiisha kutoka, mtawakimbiza mpaka mchana.

Kuku mgeni, hata akiwa zawadi ya mkwe, asichanganywe na wengine. Akae mbali majuma 3, na chombo chake cha maji. Mkwe hatakasirika ukimweleza.

Kuku aliyekufa kwa ugonjwa usimle, wala usitupe manyoya na matumbo nyuma ya nyumba, maana mbwa watayachukua mpaka kwa jirani. Umchome moto au umzike shimo refu, kisha unawe kwa sabuni mikono na miguu. Tena kuna mafua ya ndege, yanayofanana na Newcastle na yanayoweza kumshika mtu. Mwaka 2017 aina moja yake ilionekana katika Ituri. Kwa macho tu huwezi kuyatenganisha. Basi kuku wengi wakifa ghafula, peleka habari kwa munganga.

Magonjwa mengine ni madogo kuliko hilo. Vifaranga vya majuma 3 hadi 6 vikihara damu, sababu ni mavi na unyevu: ondoa takataka, tandika majani makavu, inua chombo cha maji wasikikanyage. Munganga anayo dawa yake. Ndui ya kuku yaleta vipele upandeni na kando ya macho. Mbu huieneza, na chanjo yake yachomwa katika ngozi ya bawa. Utitiri nao hujificha mchana katika nyufa na kunyonya damu usiku. Umwagie nyufa maji ya moto, upake chokaa, na uwawekee kuku jivu kavu la kuogea.

Neno moja la kwenu, watu wa migodi: msiwanyweshe kuku maji yaliyooshea mawe ya shaba, wala msitumie pipa lililokuwa na dawa za mgodi, hata likioshwa mara 10.

Na nyumba ambayo kuku wote wamekwisha kufa? Fagia, choma takataka, paka chokaa, uache milango wazi jua liingie, ukae mwezi mzima bila kuku. Kisha anza na mitetea 2 au 3 kutoka kwa mtu unayejua kwamba huchanja, wala si kutoka sokoni.