Imeili zako zinafika, au zinaishia spamu? Maneno 8 ya kujua kabla hujatuma ofa

Mfanyabiashara mwenzangu, tuseme unauza viungo mtandaoni. Umekusanya anwani za hoteli 200, ukatuma ofa kwa wote kwa mkupuo. Wiki imepita, kimya. Unaanza kujiuliza: bei yangu kubwa? Picha mbaya? Kumbe pengine hakuna hata aliyeiona. Ipo kwenye spamu.

Gmail na wenzake wanajiuliza maswali mawili tu: huyu anayetuma ni nani kweli? Na watu wanamtaka? Haya maneno 8 yote yanajibu hayo mawili.

1. IMEILI BARIDI. Ni ile unayomtumia mtu asiyekujua. Ni kama kubisha hodi nyumba ngeni: jitambulishe, sema kwa nini umemfuata yeye, maliza haraka.

2. DOMENI. Ile sehemu inayokuja baada ya @. Sifa yako, nzuri au mbaya, inakaa hapo. Ukiichafua kwa ofa, hata ankara unazowatumia wateja wa zamani zinaweza kuanza kupotelea spamu. Hapo ndipo hasara kubwa ilipo.

3. SPF. Orodha ya mitambo inayoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako. Kama majina aliyoachiwa mlinzi getini.

4. DKIM. Muhuri unaowekwa kwenye kila imeili kuthibitisha kwamba imetoka kwako na haikuchezewa njiani.

5. DMARC. Maagizo yako kwa anayepokea: ikija imeili yenye jina langu ikafeli ukaguzi, ipitishe, iweke spamu au ikatae.

Hizi tatu zinawekwa kwenye mipangilio ya DNS, mara nyingi pale pale uliponunua domeni. Huwezi mwenyewe? Waombe huduma kwa wateja wa hapo wakusaidie. Tangu Februari 2024, Gmail inataka kila anayetuma awe na SPF au DKIM. Anayetuma kuanzia imeili 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na zote tatu, na kwenye matangazo aweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja.

6. BAUNSI. Imeili iliyorudi. Kama anwani haipo, ifute, usijaribu tena. Kama sanduku la mtu limejaa, jaribu siku nyingine. Zikirudi nyingi, unaonekana mtu wa kununua orodha. Na kweli usinunue: anwani nyingi humo zimekufa, na Tanzania (2022) na Kenya (2019) zote zina sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu.

7. KUPASHA MOTO. Domeni mpya haina historia. Ukianza na imeili 200 siku ya kwanza, unatiliwa shaka. Anza na chache, waandikie kwanza watu wanaokujua na watakaokujibu, kisha ongeza taratibu kwa wiki kadhaa.

8. MALALAMIKO. Mtu akibonyeza "spamu", ni kura dhidi yako. Google inataka yasifike 0.3%, yaani watu 3 kwa kila 1,000. Sasa piga hesabu yetu sisi wadogo: kwenye imeili 200, mtu mmoja tu tayari ni 0.5%! Ndiyo maana hoteli 20 ulizozichagua vizuri ni bora kuliko 200 za kubahatisha. Na chini ya kila imeili andika: "Kama hupendi kupokea ofa zetu, nijibu HAPANA nami nitakuondoa." Akijibu, mwondoe kweli.

JIPIME LEO. Jitumie imeili kutoka anwani ya biashara kwenda Gmail yako binafsi. Ifungue kwa kompyuta, bofya vidoti vitatu pembeni ya ujumbe, chagua kuona ujumbe wa asili. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC. Zikiandikwa PASS, uko vizuri. Ikikosekana au ikiandikwa FAIL, rekebisha kwanza, ofa baadaye.

Zako zimesomaje? Tuambie kwenye komenti, na mtumie mwenzako anayelalamika kila siku hajibiwi.