Uvira: Kwa foto za usiku, kompakti ya mfukoni ao refleksi ya begani?

Kule Uvira jua halizami ziwani. Linapotea nyuma ya milima ya Mitumba, magharibi mwa mji, na kivuli kinashuka juu ya Kalundu, Kimanga na Mulongwe wakati Bujumbura, ng'ambo ya maji, ingali inang'aa. Mwenye kufanya kazi ya foto kwetu anajua maana yake: mchana wake ni mfupi kuliko wa jirani zake wa Burundi. Na kazi zinazoleta feza zinaanza hasa saa hiyo. Karamu za arusi, mikesha ya kwaya, matanga, na wavuvi wa ndagala wanaosukuma mitumbwi wakati wengine wanafunga milango.

Ndiyo maana vijana wengi wanaoweka feza kidogo kidogo kwenye likelemba, kwa kutafuta aparei yao ya kwanza, wanarudia ulizo moja: ninunue kompakti nzuri inayoingia mfukoni, ao refleksi iliyotumika, ile kubwa nyeusi ya kubadilisha lenzi? Feza haitoshi kwa zote mbili. Na mwenye kukosea anabaki na mashine inayotoa foto nyeusi, pamoja na deni.

Mimi nilikosea. Aparei yangu ya kwanza ilikuwa kompakti ya bei ya chini. Kwenye kartoni yake waliandika kwa herufi kubwa pikseli milioni 16, nami nikaamini kwamba hesabu hiyo ndiyo nguvu. Arusi ya kwanza niliyopewa, umeme ulikatika kabla ya keki. Jenereta ikawasha balbu tatu kwa ukumbi mzima. Nilipofungua foto kwenye kompyuta asubuhi, nyuso zilikuwa kama uji: hakuna jicho, hakuna shanga za bibi arusi, ila madoa mekundu na ya buluu. Familia haikulipa nusu ya feza iliyobaki, na sikuwa na neno la kuwajibu.

Kosa halikuwa kwa pikseli. Lilikuwa kwa ukubwa wa kapteri, yaani ile plaki ndogo ndani ya aparei inayopokea mwanga. Fikiri mvua inanyesha Uvira nzima sawasawa: mwenye beseni anachota maji mengi kuliko mwenye kikombe, hata kama wote wamesimama uwanja mmoja. Kompakti za bei ya chini zina kapteri ya milimita 6 hivi kwa 4 na nusu. Refleksi ndogo za Canon, kama 1100D, 2000D ao 4000D, zina kapteri ya milimita 22 kwa 15 hivi. Ukipiga hesabu ya eneo, refleksi inapata karibu mara 12. Hapo mashindano yamekwisha, na muuzaji anayekuambia kwamba pikseli nyingi zinaona gizani anataka tu kuondoa mali yake.

Lakini kompakti si zote za namna ile, na hapa ndipo ulizo linakuwa gumu. Mwaka wa 2012 Sony ilitoa RX100, aparei ya gramu 240 yenye kapteri ya milimita 13.2 kwa 8.8. Kapteri hiyo ni karibu theluthi moja ya ile ya refleksi ndogo ya Canon. Ukisikia hivyo utasema refleksi bado imeshinda mara tatu. Ngoja kwanza tuangalie lenzi, ao objektifu kama wapiga foto wa kwetu wanavyosema.

Kila lenzi ina mdomo unaopitisha mwanga, na upana wa mdomo huo unaandikwa kwa herufi f na hesabu. Hesabu ikiwa ndogo, mdomo ni mpana. RX100 isipovutwa ina f/1.8. Refleksi nyingi zinazofika sokoni zinakuja na lenzi ya 18-55, ambayo mwanzo wake ni f/3.5 na mwisho wake f/5.6. Kutoka f/3.5 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo kompakti inapoteza mara tatu kwa kapteri na inarudisha mara nne kwa lenzi. Ndani ya chumba, kwa foto ya kikundi, aparei ya mfukoni inakuwa sawa na ile ya begani, ao inaipita kidogo. Wenye refleksi hawapendi kusikia hivyo, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Mambo yanageuka ukivuta kuleta karibu. RX100 ikivutwa hadi mwisho mdomo wake unafungwa mpaka f/4.9, na faida yote inapotea. Refleksi inarudi mbele mara mbili hivi. Na yanageuka kabisa mwenye refleksi akiondoa ile 18-55 na kuweka lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Lenzi hiyo haivuti, ni ndogo, ni nyepesi, na ni kati ya zile za bei ya chini kabisa kwa Canon na Nikon pia. Ukilinganisha na 18-55 iliyovutwa hadi f/5.6, inapitisha mwanga karibu mara kumi. Hakuna kompakti ya mfukoni ya bei yetu inayofika pale. Kasoro yake ni moja: kwa refleksi ndogo inaleta watu karibu sana, hata katika nyumba nyingi za kwetu mgongo unagusa ukuta na bado wazazi wa bwana arusi hawaingii wote ndani ya foto. Kwa Nikon kuna ya milimita 35, f/1.8, inayofaa zaidi ndani ya nyumba. Angalizo kwa wenye Nikon: zile ndogo kama D3100 ao D3500 hazina mota ndani ya aparei, kwa hiyo uombe lenzi yenye herufi AF-S. Ile ya zamani iliyoandikwa AF tu utaizungusha kwa mkono gizani, na mpaka umalize, pete imekwisha kuvalishwa.

Sasa twende ziwani, sababu huko ndiko giza la kweli.

Wavuvi wa ndagala wanatafuta usiku usio na mwezi. Zamani waliwasha moto kwenye mtumbwi na kuchota samaki kwa lusenga; baadaye zikaja taa za petroli za kusukuma hewa, na leo wengi wana balbu za LED na batri. Mwanga unavuta samaki juu, wavu unainuliwa kati ya mitumbwi iliyofungwa pamoja. Kwa macho ni jambo zuri ajabu: ukisimama Kalundu usiku kama huo, ziwa linaonekana kama mji mwingine. Kwa aparei ni mtego. Taa ni kali sana, maji ni meusi kabisa. Ukiiachia aparei iamue yenyewe, inaona giza jingi, inafungua sana, na taa inakuwa doa jeupe linalokula uso wa mvuvi. Lazima upunguze kwa mkono, hatua moja ao mbili, na upime kwenye shavu la mtu mwenyewe. Refleksi zote zinaruhusu hivyo, na kompakti nzuri pia. Zile za bei ya chini nyingi zina kifungo kimoja tu cha kupiga, na basi.

Jambo la pili ni mwendo. Mguu wa aparei, ile trepye, haina kazi kwenye mtumbwi, maana mtumbwi wenyewe unacheza. Mfumo wa kutuliza mkono, unaoandikwa IS kwa Canon na VR kwa Nikon, unasaidia kama ni mkono unaotetemeka. Hausaidii kitu kama ni mvuvi anayevuta kamba. Dawa ni kupiga upesi, sehemu ya 1 kwa 125 ya sekunde ao zaidi, na kwa kupiga upesi gizani unahitaji mdomo mpana na kapteri kubwa. Nilipanda mara mbili na aparei mbili za kuazima. Katika foto za kompakti nilipenda zile za karibu, mtu na taa yake. Za mbali, za mtumbwi wa pili, nilizitupa karibu zote. Refleksi na lenzi ya 50 ilinipa nyuso hata nje ya duara la taa, lakini mara tatu nilikosa tukio sababu nilikuwa nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki nikiogopa maji. Maji yetu hayana chumvi, tushukuru. Wapiga foto wa pwani ya Mombasa wana taabu kuliko sisi.

Na simu? Simu za sasa zinapiga foto nyingi kwa mara moja na kuziunganisha. Kwa ukuta ao mlima uliotulia, matokeo ni mazuri. Kwa mchezaji wa arusi ao mtumbwi unaoyumba, mtu mmoja anatoka na mikono minne.

Kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye kartoni. Mji wetu umepita katika vita na mashaka mengi, na aparei kubwa begani usiku inaonekana mbali. Karibu na bandari, mpaka wa Kavimvira ao kizuizi cha askari, inaleta maulizo, na mwanga wa flashi ghafla unaweza kuleta mabaya zaidi. Kompakti haikukingi na sheria: ruhusa inaombwa kwanza, kwa kiongozi wa avenyi na kwa wavuvi wenyewe, na flashi inazimwa kabla ya kutoka nyumbani. Lakini njiani inakaa mfukoni. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, na ziwa lilipopanda hadi ndani ya nyumba mwaka wa 2024, mwenye kukimbia na watoto mkononi hakuwa na bega la kubeba mfuko wa lenzi.

Upande wa pili, wenye arusi wanaamini ukubwa. Ukifika na kompakti, mjomba wa bibi arusi atakuuliza mpiga foto anakuja saa ngapi. Ni ujinga, lakini ni ujinga unaopunguza bei.

Ukienda kununua iliyotumika, nenda jioni, si mchana, na uombe kupiga kwenye kona ya giza ya duka. Tazama ndani ya lenzi kwa kuielekeza kwenye taa: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa ziwa unaipenda. Kwa kompakti, fungua na ufunge lenzi yake mara kumi ukisikiliza. Punje moja ya mchanga ndani ya mdomo ule unaotoka na kurudi inaweza kuua aparei nzima, wakati mwenye refleksi angebadilisha lenzi tu na kuendelea. Uliza pia batri. Refleksi 4000D inahesabiwa foto 500 kwa batri moja, RX100 foto 330, na usiku ambao umeme haupo tofauti hiyo ni mwisho wa karamu nzima.

Kwa anayeishi kwa arusi, mimi ningesema refleksi ndogo ya zamani, na feza inayobaki yote iende kwa lenzi ya f/1.8, hata kama aparei yenyewe imechubuka. Kwa mwandishi wa habari, ao anayetaka kuonyesha maisha ya mji usiku bila kuitwa pembeni, kompakti yenye kapteri kubwa, na asivute lenzi: asogee kwa miguu. Anayeweza kununua kompakti ya bei ya chini tu, abaki na simu yake kwanza na aendelee na likelemba.

Mwezi ukijaa, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, maana taa zao hazivuti samaki. Ni siku hizo ambapo ufuko unaonekana wote, mitumbwi imelala, nyavu zimetandazwa, na hata kompakti yangu ile ya kwanza inatoa foto inayotazamika.